Mtaalamu Alisema Miaka Kumi

Wanangu wawili, njoni karibu, na wewe mkubwa, Wakili wangu, mshike mdogo wako mikono asije akabonyeza mahali haya yote yakafutika, maana ninayoyasema nayasema mara moja tu, pumzi ya kuyarudia sina. Ninaongea na simu inaandika yenyewe, herufi zinatokea kwenye kioo kama sisimizi wanaotoka ukutani, na mama mkubwa wenu atayapitia kwanza, atasahihisha penye makosa, ndipo awasomee. Na makosa yapo. Hivi punde nimeiambia kwamba mlango mmoja wa moyo wangu umekaza, yenyewe ikaandika mlango mmoja wa choo umekaza, nikacheka peke yangu mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaniuliza, "Mwenzetu, umepewa dawa gani hiyo? Na mimi niletewe."

Wosia ni kazi ya wazee, hilo nalijua. Mtu anausia akiwa na mvi na wajukuu miguuni, mimi nina miaka ishirini na tisa na vitu vyangu vyote vinaenea kwenye beseni moja. Lakini kabla ya saa sita naingia chumba cha upasuaji, babu yenu ameshatangulia, bibi yenu alimtangulia yeye, sasa nimngoje mzee gani aje aseme kwa niaba yangu? Leo mzee ni mimi. Sikilizeni hivyo hivyo.

Hapa mapajani nina fomu. Ina visanduku viwili na natakiwa kuweka alama kwenye kimoja. Cha kwanza, nipasuliwe kifua, mlango wa moyo uonekane kwa macho, urekebishwe kwa mkono. Cha pili, mrija mwembamba uingizwe kwenye mshipa wa paja, upande polepole mpaka moyoni, ukifika penye mlango uliokaza wauvimbishe kama puto, mlango ufunguke. Kalamu ninayo tangu asubuhi, alama sijaweka. Nesi amepita mara mbili, mara ya pili hakuuliza, aliangalia tu. Baba yenu nilimuuliza, akasema, "Wewe ndiye mwenye moyo," akatoka nje kulia akidhani simwoni, mwanamume anayechomelea mageti ya chuma tangu kijana, karatasi moja imemshinda. Sasa nawaeleza kwa nini na mimi imenishinda, kwa sababu msipoelewa hapo mtakuja kusema mama yenu alikuwa mwoga. Mwoga ni mwoga, ndiyo, natetemeka mpaka kitanda kinalia, lakini si woga peke yake.

Babu yenu alikuwa mtunza stoo wa shule ya msingi. Alikuwa anahesabu chaki, mifagio, madawati mabovu, alikuwa na funguo kiunoni na heshima zake. Siku moja mwalimu mkuu akaugua na kulikuwa na semina ya siku mbili, akatumwa yeye akakalie kiti chake. Aliondoka mtu mmoja akarudi mwingine. Alirudi na begi la kitambaa, daftari, kalamu ya biki na kichwa kipya. Huko semina mtaalamu mwenye miwani na kitochi cha mwanga mwekundu amewaambia kwamba baada ya miaka kumi hakuna mtu duniani atakayeandika kwa mkono, kalamu watu wataziona makumbusho, zimelazwa karibu na mikuki. Na watu wote ukumbini wakainama wakayaandika maneno hayo kwenye madaftari yao, kwa kalamu walizogawiwa mlangoni. Mimi hilo nimeliwaza sana, wanangu. Ukumbi mzima, hakuna hata mmoja aliyecheka.

Kesho yake akazikusanya kalamu zote za nyumbani, akazitia kwenye kopo la maziwa, akalifunga kwa waya. Kompyuta ilikuwa juu ya uwezo wetu, lakini akapata kibodi. Kibodi peke yake, kwa fundi mmoja, imekosa herufi mbili, waya wake unaning'inia hauna pa kuchomekwa, akaigongomea mezani kwa misumari. Kila siku tukitoka shule tunakaa pale kwa zamu, mimi na mama mkubwa wenu, vidole kumi, macho ukutani, tunaandika insha ambazo hazikutokea popote. Yeye anasimama nyuma yetu mikono mgongoni. "Hapo umekosea," anasema. Tunamuuliza, baba, umejuaje na kioo hakuna? "Nimesikia." Mtaani wakampa jina, Mzee Miaka Kumi. Watoto wakipita dirishani wanampigia kelele, "Mzee, leo imebaki mingapi?" na yeye hakasiriki, anawapa hesabu kamili, "Tisa na miezi minne, jiandaeni, msije mkasema hamkuambiwa!"

Hapa kuna jambo lazima niliseme, na wewe dada yangu unayelisoma usilifute. Wanangu, mama mkubwa wenu alificha kalamu moja. Aliishonea ndani ya pindo la pazia, akitaka kuandika anafumua uzi, akimaliza anairudishia. Mimi ndiye niliyemsemea. Hakuna aliyenibana, hakuna aliyeniuliza, nilikwenda mwenyewe kwa baba nikamwambia pazia lina kitu, nikitaka aniambie mimi ndiye mwanafunzi wake mzuri, na kweli aliniambia. Mwenzangu alivunjiwa kalamu mbele ya macho yake, akaambiwa aandike samahani mara mia mbili kwenye kibodi isiyoandika, akaandika, akaambiwa ya mia na sabini amekosea, arudie. Mwaka mzima hakunisemesha. Baadaye alirudi kunisemesha na mimi nikajifanya hapakuwa na kitu. Dada, palikuwa na kitu. Asubuhi nimekuomba uniangalizie watoto kabla ya kukuomba radhi, nimeanza mwisho nikaenda mwanzo, ndivyo kichwa kilivyo leo. Niwie radhi.

Basi nikafika mtihani wa mwisho wa sekondari, naulizwa kwa karatasi, natakiwa kujibu kwa kalamu, na mkono wangu, uliokatazwa kalamu hata shuleni, haujui lolote, mwandiko kama kuku amepita kwenye unga. Msimamizi akasimama juu yangu akasema, "Binti, hii ni lugha gani?" Yaliyokuwa kichwani nilikuwa nayo, nawaapia, ila hayakusomeka. Dada yangu, aliyeendelea kuandika kwa mkaa nyuma ya mifuko ya saruji alipita vizuri, leo yuko ofisini anaandikisha vizazi na vifo kwa mwandiko ambao watu wanausifia. Mimi nilibaki nyumbani miaka miwili namchukia baba yangu. Hilo ndilo fundo nililokuwa nalo, nalisema wazi.

Sasa hebu nisaidieni, maana hapa ndipo ninapopotea kila nikifika. Siku moja nikapita duka la kutoa kopi, mwenye duka anatafuta mtu wa kuchapa. Akanipa ukurasa, akageuka kuvuta kiti akae aniangalie, kabla hajakaa nimemaliza. Akasema, "Rudia." Nikarudia macho nimefumba. Kazi hiyo hiyo ndiyo iliyowanyonyesha, ndiyo iliyokununulia wewe Wakili sare ya shule, na nimeipata kwa kibodi ya misumari. Kwa hiyo babu yenu alikosea au hakukosea? Mtaalamu yule alidanganya au hakudanganya? Nikisema alikosea, vidole vyangu vinanisuta. Nikisema alipatia, matokeo yangu ya mtihani yako kabatini, kasomeni.

Miaka kumi ilipotimia, nakumbuka, alivaa shati la semina, akakata ule waya kwa koleo, akafungua kopo. Kalamu zote zilikuwa zimekauka. Akatoka akaenda mpaka shuleni, akachungulia dirisha moja baada ya jingine, watoto wameinama wanaandika kama jana na juzi. Akarudi, akakaa, akanywa maji, akasema, "Mtaalamu amekosea miaka. Jambo hakukosea." Akaongeza kumi mingine. Alifia ndani ya hiyo kumi ya pili, na tulipomwosha alikuwa na wino kidoleni, kumbe alikuwa anaandika kisirisiri, na alichokuwa anaandika hatujakiona mpaka leo.

Tena si hilo tu. Kile kiwanja cha nyuma walikuja watu wa kampuni wanataka kusimamisha mnara wa simu, na babu yenu wiki hiyo hiyo alikuwa amemsikia mtaalamu mwingine redioni, anasema minara yote itang'olewa, simu zitakuwa zinaongea na setilaiti moja kwa moja. Akawafukuza. "Chuma chenu mtakuja kukiokota wenyewe!" Mnara ukaenda kwa jirani, upo mpaka leo, jirani ana ghorofa, sisi tuna taa yake nyekundu inayowaka kwenye dirisha la jikoni. Halafu mwaka juzi mteja mmoja, mhadhiri, namchapia kitabu chake, akaniambia, "Dada, tafuta kazi nyingine, si muda mrefu mashine zitakuwa zinawasikiliza watu na kuandika zenyewe." Nikamjibu, "Sawa mwalimu, tulikuwa ukurasa wa ngapi?" nikamcheka alipotoka. Sasa tazama ninachofanya sasa hivi. Unaona taabu yangu? Wangekuwa wanakosea siku zote ningefurahi, ningekuwa nageuza tu wanachosema, ningeishi kwa raha. Tatizo wanapatia pia, na wakipatia na wakikosea sauti ni ile ile, uso ni ule ule.

Haya, madaktari. Aliyekuja kwanza ni kijana, viatu vyeupe, anatembea haraka, mrija ni wake yeye. Alinichorea moyo nyuma ya bahasha, akanieleza vizuri, na mimi moyo ukaanza kutulia, nikashika kalamu. Akaongeza, "Usiogope kabisa, dada yangu. Miaka kumi ijayo hakuna mtu atakayepasuliwa kifua. Visu hivi tutavipeleka makumbusho." Wanangu! Miaka kumi. Makumbusho. Kama mtu amemtoa babu yenu kaburini akamvika koti jeupe. Kalamu ikaniponyoka ikaingia chini ya kitanda, na daktari wa watu hajui amefanya nini, ananiuliza, "Unaumwa?"

Akaja mzee wake, daktari mkuu, mwenye mikono mikubwa, wa kupasua. Huyo nikamtegemea. Nikamwambia, baba, niambie wewe, mrija ni kitu cha kweli au ni fasheni? Akavuta kiti, akakaa, akasugua macho. Akaniambia, "Mrija ulipoletwa hapa mara ya kwanza nilisimama mkutanoni nikasema hautamaliza mwaka, ni mchezo wa mafundi bomba. Nilisema mbele ya watu sitini. Una miaka saba sasa. Kwa hiyo mimi usiniulize yajayo, binti yangu, niliaibika ya kutosha." Nikamuuliza, na kwa moyo wangu mimi? Akaangalia picha zangu kwenye mwanga, akaziangalia tena. "Wako uko katikati. Ungekuwa mbaya zaidi ningekupasua. Ungekuwa mzuri zaidi ningekupeleka kwa kijana. Katikati hapo, sijui." Kwanza nilimpenda kwa lile neno. Halafu alipoondoka nikaanza kujiuliza, mtu akikuambia hajui, umpe kifua chako akifungue? Nikarudi pale pale. Tangu hapo nimekaa na fomu.

Ngojeni kidogo. Kuna mtu anakuja.

Nimerudi. Alikuwa yule daktari kijana, amekuja kunipima mapigo. Alipokuwa ananihesabu sijui nilipata wapi ujasiri, nikamwambia, daktari, sitaki kusikia ya miaka kumi, ya miaka kumi yameshanitafuna mimi na dada yangu, niambie ya nyuma. Umeshawafanyia wangapi kwa mkono wako, na leo wako wapi? Akaachia mkono wangu. Ile haraka yake yote ikakatika, wanangu, nikaona ni mtoto wa mtu, ana makovu ya chunusi. Akasema, "Kumi na wanne." Nikamwambia, endelea. "Kumi na mmoja wanatembea. Mmoja anauza nguo sokoni, nilimwona wiki iliyopita amebeba furushi kichwani nikataka kumgombeza. Wawili mlango ulikaza tena, wakarudi kupasuliwa, wako hai." Nikamwambia, hao ni kumi na watatu. Akaangalia sakafu. "Mmoja hakuamka. Alikuwa mwalimu wa hesabu. Alinisahihisha hesabu ya dawa asubuhi ile ile, na alikuwa sahihi." Halafu akasema, "Huwa siwaambii wagonjwa," na mimi nikamwambia, ungeniambia huyo kwanza.

Nimeweka alama. Nimeweka kwenye mrija. Msiniulize kama nimefanya akili, kwa sababu nikijiuliza mwenyewe majibu yanakuja mawili mawili. Nilichokiona ni kwamba alipokuwa anasema ya mbele alikuwa anang'aa kama tangazo, na alipokuwa anasema ya nyuma alikuwa anamwona yule mwalimu. Nimempa moyo yule anayemwona mwalimu. Pengine ni yule yule mmoja. Ndiyo, ni yule yule mmoja, ndiyo maana nasema nimechanganyikiwa. Sahihi yangu imetoka mbaya, nesi ameigeuza juu chini, akasema, "Hii ndiyo nini?" nikamwambia ndiyo mimi.

Amenichoma sindano ya kunituliza, amesema nitaanza kusinzia, kwa hiyo yaliyobaki nayasema haraka. Kiwanja cha nyuma ni chenu nusu kwa nusu, kisiuzwe mpaka nyote wawili mmekua na mmekaa meza moja mkakubaliana, na akija mtu yeyote, awe na miwani, awe na koti, kuwaambia kwamba ardhi haitakuwa na maana au itakuwa dhahabu, mpeni kiti, mpeni maji, mmuulize amewahi kulima nini. Mama mkubwa wenu apande mboga humo kama anavyopanda. Ile sufuria kubwa yenye mpini mmoja ni ya jirani wa mbele, irudishwe, nimekaa nayo tangu ubatizo wa mtoto wake na sasa mtoto anatembea. Nguo zangu zigawiwe, ila sweta la kijani abaki nalo baba yenu, analipenda akidhani sijui. Baba yenu mumwonee huruma. Akitaka kuoa msimtilie ngumu, ila huyo mama aje kwanza kuwaona mnavyokula, mtu anamjua mtoto mezani.

Mdogo wako, Wakili, halali bila kushika sikio la mtu. Mpe lako. Linauma kidogo, anavuta, lakini akisinzia anaachia. Ziwa nimemwachisha wiki hii kwa sababu ya dawa, akililia usimwambie mama kaenda safari, sitaki aambiwe safari. Mwambie mama yuko kwa madaktari wawili.

Nilitaka kuwaambia mtakuwa nani. Wazee wanasema hivyo, wewe utakuwa hivi, wewe utakuwa vile, nilishaandaa kabisa, wewe nilikuwekea hakimu. Nimeiacha. Sioni mpaka huko. Someni tu, andikeni kwa kalamu na kwa vidole, vyote, na mkisemeana kwa mtu mkubwa mrudi haraka kuombana radhi, msikae miaka kama mimi.

Ulimi unakuwa mzito. Nesi ananivua hereni. Anasema chuma hakiingii kule ndani. Moja imetoka. Ya pili imegoma, anazungusha, ana vidole vya baridi huyu dada.

Wakili. Jana pale mlangoni uliniuliza, mama, kesho jioni utakuwa unaongea? Nikakujibu ndiyo. Nilikujibu upesi, nikakushika shavu, kama mtu aliyekwisha kufika huko akarudi. Sikujua, mwanangu. Hata sasa... sijui. Ile "ndiyo" nirudishie. Shika hii nyingine, hii naijua. Nataka. Nataka kuongea na nyinyi leo jioni kuliko... kuliko kitu chochote. Ukiulizwa mama yako alisema nini, sema hivyo. Alisema anataka.

Mungu awashike. Mikono yote minne. Awape afya, awape usingizi, awape watu wa kuwaambia kweli hata ikiwa fupi. Radhi zangu mnazo, wote wawili, mbele na nyuma, hamna mlichonikosea, hata ile sahani iliyovunjika. Hata ile sahani, mdogo.

Imetoka. Hereni imetoka. Wanakuja na kitanda cha magurudumu, wanaume wawili, mmoja anaimba chini chini. Baba yenu yuko mlangoni, amenawa uso.

Nendeni mkale sasa. Mkubwa, mpulizie mwenzio chakula, kisimuunguze.